Vibati vya Ta Rutaihwa

Ma Judica anauza vifungo, nyuzi, zipu na bitana karibu na soko la Bukoba, na mimi nashonea kwenye baraza la duka lake. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinisimulia mwenyewe huku akipima lastiki. Ni mjane, Mlutheri aliyezaliwa Kamachumu, nyumba yake iko Rwamishenye, na uchafu hauvumilii hata kidogo. Mteja akishika kitambaa kwa mikono yenye mafuta ya sambusa, anaambiwa akanawe kwanza ndipo arudi kuuliza bei.

Wengi hawajui kwamba mama huyu anakusanya vibati. Kibati, kwa namna anavyolitumia neno hilo, ni kipande cha shaba au aluminiamu ambacho tajiri fulani alijitengenezea, akawapa watu wake badala ya fedha. Kina herufi za jina la huyo tajiri, pengine neno kama debe au kikombe. Dukani kwa huyo tajiri kinanunua. Ukivuka barabara hakikupatii hata kiberiti.

Alianza bila kukusudia. Familia moja ya Izigo ilifiwa na babu aliyekuwa fundi cherehani, wakamletea vifungo vyake vya zamani pamoja na makoti mawili mabovu. Koti moja lilikuwa limefungwa kifuani kwa kiduara cha shaba chenye tundu, kimeandikwa R.K. na chini yake DEBE 1. Alikikata kwenye uzi, akakigeuza na kukigeuza, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuuliza. Wauza vyuma chakavu walimjua. Wachimba misingi walimjua. Alikuwa na sanduku la kioo nyuma ya kaunta, na ndani yake vibati vimelala juu ya kitambaa cheusi cha sufu.

Mwenzake katika mambo hayo alikuwa Anwari, fundi simu wa jengo la jirani, ambaye yeye anakusanya sarafu. Ana rupia na hela za Mjerumani, senti za Mwingereza zenye tundu, senti hamsini zetu zenye sungura. Jioni walikunywa kahawa na kubishana. Anwari alisema sarafu inajieleza yenyewe: ina nchi, ina mwaka, ukifungua kitabu unaikuta. Kibati hakina nchi wala mwaka, ni takataka ya mtu binafsi, na hakuna mkusanyaji anayejiheshimu atakayekipa nafasi kwenye kabati. Ma Judica alimjibu kwamba hapo ndipo penye utamu. Sarafu inakuonyesha nani alitawala; kibati kinakuonyesha nani alimfanyia nani kazi, na hilo hulipati kitabuni. Unapaswa kufunga safari, ukawaulize watu kabla hawajafa. Na unapaswa kukisoma chenyewe: kingo zilizolainika zinasema kimepita mikono mingi, tundu lililopanuka linasema kilitungwa kwenye kamba. Ndiyo maana hakuruhusu mtu akisugue.

Safari ya R.K. ilimpeleka Kamachumu, kwa bibi mmoja anayeitwa Magdalena, ambaye ujanani alichambua kahawa kwenye mashine ya tajiri mwenye herufi hizo. Ma Judica alimpelekea sukari na sabuni kama inavyopasa, wakasalimiana kwa Kihaya, wakakaa juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni. Kisha akamwekea kile kibati kiganjani.

Bibi alikiachia kikaanguka. Akafuta kiganja kwenye nyasi, akakifuta tena kwenye kanga. Ndipo alipoeleza. Wasichana wa kuchambua kahawa walipewa kibati kwa kila debe. Nguo zao hazikuwa na mifuko, na kukishika mkononi huku unafanya kazi kulikuwa kukipoteza, kwa hiyo walivitia mdomoni, chini ya ulimi, mpaka jioni. Jioni walipanga mstari mbele ya duka la tajiri, ambako unga ulikuwa na wadudu na chumvi imeshika maji. Msimamizi hakutaka wavitoe kwa vidole.

“Alitaka tuviteme kwenye kiganja chake,” Bibi Magdalena alisema. “Mmoja mmoja. Alikuwa akicheka.”

Ma Judica alirudi mjini siku hiyo amenuna. Aliniambia kwamba njia nzima alihisi ladha ya shaba mdomoni mwake mwenyewe, na kwamba alisimamisha gari njiani apate maji ya kusukutua. Kile kibati hakukirudisha kwenye sanduku la kioo. Alikifunga kwenye kipande cha kitambaa, akakiweka droo ya chini. Hata hivyo alijipa moyo kwamba hayo ni ya zamani, yamekwisha, na wenyewe wamekufa.

Gaudensia ndiye aliyemtoa katika mawazo hayo. Huyu ni mama anayeuza dagaa Rwamishenye. Anawafuata visiwani upande wa Muleba na kuwaleta kwa magunia. Asubuhi moja alifika dukani, akatoa kiduara cha aluminiamu alichokikuta katikati ya dagaa, akauliza kama ni kifungo. Kilikuwa na tundu, herufi T.R. na namba. Anwari alikuwapo; alikitazama, akasema kinaweza kuwa cha enzi za Mwingereza. Ma Judica alikipitishia kidole ukingoni, kikamkwaruza. Herufi zilikuwa bado na makali. Akakinusa, akakirudisha haraka juu ya kaunta.

“Hiki hakijamaliza mwaka,” alisema.

Gaudensia hakuona ajabu. Alisema kwenye kisiwa kimoja anakochukua mzigo wavuvi wote wananunua vitu kwa viduara kama hivyo. Yeye mwenyewe hulipa shilingi kwa sababu ni mgeni. Ma Judica alimuuliza boti inaondoka lini.

Walikwenda pamoja. Mimi sikwenda, ila namjua Ma Judica, najua alivyotembea pale, ameinua sketi kidogo na kuziba pua kwa leso. Kambi ilikuwa vibanda vya mabati kuukuu vilivyobanana. Dagaa walianikwa mchangani, kuku na watoto wakipita juu yao. Vyoo havikuwapo, watu walikwenda nyuma ya mawe, mvua ikinyesha yote yanashuka ziwani, na maji ya kupikia yanachotwa hapo hapo. Inzi walikuwa wengi kiasi kwamba watu hawajisumbui tena kuwafukuza.

Katikati palikuwa na duka moja lenye wavu wa chuma. Muuzaji alikuwa na ndoo ya maji miguuni, kwa sababu vibati vilimfikia vimejaa utelezi wa samaki. Mvuvi akikileta, anakitumbukiza. Akitaka kurudisha chenji, anachovya mkono hadi kwenye kiwiko, anapapasa, anatoa kibati kingine kinachodondosha maji ya kijivu yenye magamba. Kisha kwa mkono uleule anakata mkate. Ma Judica alisimama akaangalia, kisha akatoka nje. Gaudensia alimletea chai na andazi kutoka hapo hapo. Hakuweza kuvigusa.

Mvuvi aliyezungumza naye alikuwa Mihayo, Msukuma wa Sengerema, mtu wa makamo mwenye vidonda vya nyuzi za nailoni vidoleni. Alieleza bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, siku ambazo mwezi haupo. Giza likiisha, tajiri anagawa vibati. Unga, sabuni, bia, sigara, kila kitu ni hapo dukani, na bei ni karibu mara mbili ya bei ya bara. Ukitaka shilingi, muuzaji anakubadilishia kwa nusu ya thamani, tena akiwa amefurahi. Hata wanawake wa vibanda vya pombe walilipwa vibati, wakavipeleka kwenye ndoo ile ile.

Kisha akasema kilichokuwa kinamuuma. Kijana wake mdogo nyumbani alikuwa anatoka usaha sikioni, na mke wake alipiga simu kila siku kuomba fedha ya hospitali.

“Mama, nina mfuko mzima wa mshahara,” alisema. “Lakini siwezi kumtumia mke wangu bati kwa simu.”

Ma Judica alimuuliza T.R. ni nani. Mihayo alishangaa kwamba mtu wa Bukoba hajui. Ni Ta Rutaihwa, yaani Mzee Rutaihwa.

Ma Judica alimjua sana. Walisali kanisa moja. Ta Rutaihwa alikaa benchi la mbele, alichangia mabati ya jiko la mchungaji, na kwenye msiba wa mume wa Ma Judica alileta ng'ombe. Alipokuwa kwenye boti ya kurudi, Ma Judica alikumbuka nyama ya ng'ombe yule na alivyoisifu, akajikuta anatapika nje ya boti huku Gaudensia amemshika mgongo. Gaudensia alidhani ni mawimbi.

Kabla ya kuondoka alikuwa amempa Mihayo shilingi za kutuma Sengerema, na Mihayo alikuwa amemlazimisha apokee vibati vichache, kwa sababu hakutaka kuonekana ombaomba.

Alikwenda nyumbani kwa Ta Rutaihwa mchana wa Jumamosi. Alipokewa vizuri. Ta Rutaihwa ni mtu mpole, mwenye sauti ya chini, anayekusindikiza mpaka getini. Alimkaribisha, chai ikaletwa, wakaulizana habari za watoto. Ma Judica aliweka kibati juu ya meza, karibu na sahani ya karanga, akamwomba amweleze.

Hakukana. Alisema kisiwani fedha ni hatari. Wavuvi wanalewa, wanaibiana, wanachomana visu. Yeye anawatunzia. Kibati hakiibiwi kwa sababu mwizi hana pa kukipeleka. Alieleza kwa utulivu, kama baba wa familia. Kisha akatabasamu kwa kukumbuka jambo.

“Lakini wewe waitu, mpendwa wetu, unavipenda hivi vitu. Nasikia una sanduku zima. Ngoja nikupe vizuri, hicho ni kichafu.”

Akaingia chumbani, akarudi na shada la vibati vipya vilivyotungwa kwenye waya, vinang'aa, havijashikwa na mtu. Akauweka mzigo ule mapajani mwa Ma Judica kama anampa zawadi ya mkungu wa ndizi.

Ma Judica aliniambia kwamba hakuna kitu kilichowahi kumtia kinyaa kama uzito ule mapajani, kwa sababu kwa sekunde moja macho yake yalivitazama kama mkusanyaji. Aliona jinsi vilivyokatwa sawasawa. Aliona herufi R ilivyokosa mguu. Ndipo akavishusha chini sakafuni.

“Ta Rutaihwa,” alisema, “Kamachumu kuna bibi ambaye msimamizi alimtemesha hivi kwenye kiganja. Muuzaji wako anavichovya kwenye ndoo. Mimi sioni tofauti.”

Ta Rutaihwa alinyoosha mkono wa kuagana. Ma Judica hakuupokea. Chai iliachwa mezani na utando juu yake.

Jumatatu alikwenda kwa ofisa wa kazi. Ofisa alimsikiliza, akasema sheria iko wazi: mshahara unalipwa kwa fedha, si kwa vipande vya sufuria. Akaahidi kwenda kisiwani, na alikwenda kweli. Lakini habari zilimtangulia. Alikuta duka limefungwa, muuzaji ameondoka na ndoo yake, na Ta Rutaihwa akaandika kwamba vile viduara ni vya kuhesabia makreti ya dagaa tu, havijawahi kuwa malipo.

Hapo ndipo tofauti waliyokuwa wakiibishania na Anwari kwenye kahawa ilipodhihirika, na haikuwa na utamu wowote. Serikali ikitaka kuondoa sarafu hutangaza, watu hupewa muda wa kuzibadilisha benki. Kibati kinakufa mara mwenye duka akifunga mlango. Wavuvi wa kambi nzima waliamka na mifuko ya bati isiyonunua hata chumvi. Wengi, kwa hasira, waliimwaga ziwani.

Wengine walikuja mjini. Nilikuwa kwenye cherehani walipofika, wanaume waliochoka, wananuka dagaa na petroli, wamebeba vibati kwenye soksi na kwenye mifuko ya sukari. Mihayo alikuwa mbele. Wateja wetu walipita upande wa pili wa barabara wakijifanya hawatuoni. Mvuvi mmoja alimwambia Ma Judica kwamba yeye ndiye aliyeua mshahara wao. Angenyamaza, angalau wangekula. Ma Judica alitoa benchi, akawapa maji ya kunawa na chai, akawaomba wasitupe hata kimoja. Kila mtu alifungiwa vyake kwenye mfuko wa kitambaa, na mimi nilitarizi jina juu yake.

Anwari alikuja mchana huo huo. Alikuwa amesikia. Alipenya katikati ya wavuvi mpaka kwenye kaunta, akaokota kibati, akakiinua kwenye mwanga.

“Sasa vimekufa, ndiyo vimekuwa vya thamani,” alisema. Alitaka kibati kimoja cha kila namba. Kuna mtu Mwanza angevigombania. Na akaomba visisafishwe, ule weusi wa mikono ubaki, ndio ushahidi kwamba vilitumika.

Ma Judica alimtazama. Alikuwa akisikia maneno yake mwenyewe kutoka mdomo wa mtu mwingine.

“Weusi wa mikono ya nani, Anwari?”

“Ya wavuvi.”

“Basi huyu hapa nyuma yako. Muulize jina.”

Anwari aligeuka, akamtazama Mihayo, akakirudia kibati alichokishika. Hakuuliza. Ma Judica alikichukua kutoka kwenye vidole vyake, akakirudisha kwenye mfuko wa mvuvi mwenyewe. Kahawa ya jioni iliishia siku hiyo.

Ile R isiyo na mguu ndiyo iliyosaidia. Mtafuta vibati hutafuta pia aliyevigonga, kwa hiyo Ma Judica alizunguka kwa mafundi wa bati wa Bukoba, kisha wa Muleba, akiomba kila mmoja amgongee jina lake na la marehemu mume wake, Rwegoshora, kwenye kipande cha aluminiamu. Mafundi walidhani ni kibao cha kaburi. Kamachumu alipata fundi ambaye R yake ilitoka kilema. Fundi hakuwa na cha kuficha. Alisema ameshamkatia Ta Rutaihwa sufuria nyingi, na kwamba mteja alimweleza wazi ni hela ya kisiwani. Alikubali kuyasema hayo mbele ya ofisa wa kazi.

Ta Rutaihwa alichagua kulipa kuliko kupelekwa mahakamani. Malipo yalifanyika kwenye uwanja wa ofisi, chini ya turubai, na Ma Judica alinitaka niende naye. Wavuvi walipita mmoja mmoja na mifuko yao. Ofisa alimwagiza Ta Rutaihwa avipokee mwenyewe, avitambue, kisha alipe.

Mfuko wa kwanza ulipomwagwa mezani, harufu ilipanda. Ta Rutaihwa alirudi nyuma na kiti chake. Alitoa leso nyeupe, akaikunja kwenye vidole, akaanza kuvisogeza vibati kwa ncha ya leso, uso ameugeuzia pembeni. Baadaye alimtuma dereva akamnunulie glavu. Alivaa glavu, akaendelea. Vibati vyenye jina lake vilikuwa vimeshikwa na kila mtu katika kambi ile, kasoro yeye.

Ma Judica alisimama kando yangu. Alisema kwa Kihaya, polepole, kwamba anavichukia vidole vile, na sijawahi kumsikia akisema neno kama hilo juu ya mtu.

Waliokuwa na mifuko walilipwa shilingi halali. Waliomwaga vyao ziwani hawakupata kitu, na wawili kati yao hawamsalimii Ma Judica hadi leo. Mihayo alikwenda Sengerema moja kwa moja. Mtoto alitibiwa, lakini walichelewa; sikio moja halisikii. Baba yake sasa anavua kwa tajiri mwingine, anayelipa fedha taslimu, kidogo lakini taslimu.

Sanduku la kioo bado lipo nyuma ya kaunta, lakini limejaa zipu. Vibati vya zamani Ma Judica hakuviuza wala kuvitupa. Bado anawauliza wazee wa Izigo na Kamachumu, ila hatafuti tena herufi za tajiri ni za nani. Anauliza akina nani walivipokea, vilinunua nini, walivibeba vipi. Mara nyingi anarudi bila hamu ya chakula.

Ta Rutaihwa bado anakaa benchi la mbele. Mchungaji alimwita Ma Judica, akamkumbusha kwamba mtu yule amelipa, na aliyelipa anastahili kusamehewa. Ma Judica alimjibu kwa heshima kwamba moyo wake uko tayari na anauombea, ila wakisogea kwenye meza ya Bwana, akiona mkono ule unanyooshwa kupokea mkate, tumbo ndilo linalokataa. Siku hizi anasali Rwamishenye, karibu na nyumbani.